Wiki ya tatu intaneti inakatika na jibu ni "zima ruta uwashe tena"!!

Wadau hamjambo, mimi sijambo ya mdomo tu. Niko Umoja, ghorofa ya nne, faiba ya kampuni siitaji hapa. Miezi ya kwanza ilikuwa poa, sasa wiki ya tatu hii inapotea dakika mbili, inarudi, ukianza tu kushukuru imeenda tena. Jana wife alikuwa kwa intavyuu ya kazi kwa video, katikati ya kujieleza sura ikaganda mdomo wazi, na wale watu hawakupiga tena.

Kastoma kea wimbo ni mmoja, zima, hesabu sekunde thelathini, washa. Dadangu, nimezima na kuwasha mpaka soketi ya ukutani imelegea! Halafu ati ni waifai za majirani, hapo nilikubali maana kwa hii ploti ukifungua simu zinajipanga kama matatu stejini, nikaingia 192.168.1.1, ukurasa wa setingi za ruta, nikatoa waifai ya 2.4 GHz kwa oto nikajaribu chaneli 1, 6 na 11, hizo ndizo hazikanyagani. Wapi. Nikachomeka laptopu kwa waya kabisa, ikakatika vilevile. Adapta nikaazima ya jirani, ya volti 12 kama yangu, bado.

Sasa sikieni. Nilifungua pingi mbili kwa laptopu, yaani vile unabisha hodi kwa mashine uone kama inajibu, moja inapiga ruta yenyewe, ingine 8.8.8.8, seva ya Google huko nje, nikakaa kuziangalia kama mtu amebandika maziwa. Ikikatika ruta inajibu bila shida, ya nje ndiyo inanyamaza, na papo hapo taa ya LOS inakuwa nyekundu. Hiyo taa maana yake mwanga wa faiba haufiki. Yaani ruta ni nzima, laini ndiyo mgonjwa! Nimewatumia video ya hiyo taa mara nne. Jibu: "Tafadhali zima ruta yako."

Fundi alikuja Alhamisi moja, kijana mpole sina ubaya naye, akapima nguvu ya mwanga akapata -29 dBm, hapo namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ndio mwanga ni hafifu, na akasema mwenyewe ikishapita -27 ruta inaanza kuhangaika. Tukafuata waya kwa ngazi mpaka chini tukaukuta umepitishwa kando ya bawaba za geti, geti likifungwa unakunjwa kama kona ya daftari. Faiba si waya wa stima jameni, ukiikunja hivyo mwanga unavujia hapo kwa kona, na ruta ikipoteza laini lazima ijisajili upya, ndio hizo dakika mbili. Ndio maana jioni watu wakitoka job ndio balaa, geti linafunguliwa linafungwa, linafunguliwa linafungwa. Akasema anashuka kwa gari kuchukua waya mwingine. Hiyo gari labda imeegeshwa Mombasa, maana mpaka leo hajarudi, na tikiti yangu kwa sistimu yao imeandikwa IMETATULIWA.

Meseji ya bili lakini haikuchelewa hata dakika, bei nzima, hakuna hata shilingi ya pole.

Kuna mtu amewahi kuwapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano akasaidika? Najua lazima uanze na kampuni kwanza, na namba za tikiti ninazo zote. Nijibuni haraka, sai nimefunga geti kwa kamba libaki wazi ndio niweze kuposti hii na keateka amesimama hapo chini ananiangalia vibaya.