Kikundi cha Mtaa, Tanga: nani kaona kile?

Mama Rehema: Jamani nani yuko nje?? nimetoka mara moja tu hapa kimepita kitu juu 😳 kweupe hadi kamba ya nguo nimeiona

Dulla: Nimeona!! kijani kijani hivi nikajua transfoma imelipuka

Bi Mwanahamisi: Audhubillahi. Shetani kapigwa huyo, wazee ndo walivyotuambia. Na huyo anayenimwagia maji machafu barazani kila usiku nae angepigwa kimoja

Mwl Kombo: 😂 Shikamoo Bi Mkubwa. Kimondo hicho, tarehe 13 Desemba ndo msimu wa vimondo vya Geminidi. Sasa kila mtu aandike alichoona saa hii hii maana kesho wote mtakuwa mnasimulia ya Dulla. Kimetoka wapi kikaishia wapi, sekunde ngapi, na juu kiasi gani, nyoosha mkono ufunge ngumi uhesabu kutoka chini kabisa mbingu inapoanzia, ngumi moja ni kama digrii 10

Bi Mwanahamisi: Marahaba

Mama Rehema: Upande wa Pemba kikashuka huku Pangani, mwisho kikamwaga cheche. Ngumi 4. Sekunde sijui, nilisema Subhanallah nilipomaliza nacho kimekwisha

Dulla: Na mlio nimeusikia pale pale, puuu

Mwl Kombo: Pale pale haiwezekani. Vinaungua juu huko km 80 na zaidi, sauti km 1 ni sekunde 3, ungesubiri kama dakika 4. Chelyabinsk kule Urusi 2013 watu waliona mwanga wakakimbilia madirishani kushangaa, mshindo ukaja baadae ukawapasulia vioo, waliumia zaidi ya 1,000

Dulla: Basi mlango wa choo

Shomari Mlinzi: Mwalimu kamera ya getini imekinasa. Imeandika 22:59

Mama Rehema: 22:59 vipi na meseji yangu ya kwanza ni 22:53?

Mwl Kombo: Umeona eeh, kamera inakimbia. Shomari usiiguse saa yake, weka simu kando ya skrini upige picha saa zote mbili zionekane. Na video itume kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa hadi kimondo kinakuwa doa

Shomari Mlinzi: Kamera 23:21:40 simu 23:14:25

Mwl Kombo: Imetangulia dakika 7 na sekunde 15. Basi ni 22:52, saa tano kasoro nane. Safi sana

Dulla: Jiwe tukalitafute wapi, kile kimondo cha Mbozi si tani 16

Mwl Kombo: La Mbozi chuma kile. Hivi vya Desemba ni vikokoto vya jiwe moja la angani linaitwa Phaethon, vinaingia km 35 kwa sekunde vinaishia huko huko juu. Kalale

Shomari Mlinzi: 📄 video

Bi Mwanahamisi: Nimeiangalia mara tatu. Kile kimwanga kilipowaka kuna mtu kasimama barazani kwangu na ndoo

Dulla: 😂😂😂 ngoja niikuze

Mama Rehema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa