Naomba ushauri: uvimbe chini ya sikio, nitolewe au nisubiri?

Wakuu, habari zenu. Nina kivimbe chini ya sikio la kushoto, kigumu kama gololi, hakiumi, nikikigusa kinateleza. Mwaka wa 3 sasa. Mwanzoni nilisingizia jino. Nimechomwa sindano wakavuta chembe, majibu: uvimbe wa tezi ya mate, si saratani. Daktari anashauri utolewe pamoja na sehemu ya tezi, maana ukikwanguliwa wenyewe tu hurudi, na ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Hapo nimemwelewa. Kinachoninyima usingizi ni mshipa wa fahamu wa uso, unapita humohumo ndani ya tezi. Ukiumia, mdomo unakwenda upande! Mliofanyiwa upasuaji huu, uso ulichukua muda gani kurudi sawa? Na hili la shavu kutoka jasho ukila, ambalo huweza kuja baada ya upasuaji, limewapata?