Naomba ushauri: siku moja Suzhou kwa treni kutoka Shanghai, nilipie kundi lenye muongozaji au twende wenyewe?

Mzigo_Kariakoo

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Yiwu, mji wa soko la jumla huku China, namalizia mzigo. Wiki ijayo naingia Shanghai, ndege yangu inaondoka Pudong Ijumaa usiku, kwa hiyo Alhamisi yote iko wazi. Safari hii nimekuja na dada yangu mkubwa, mwalimu wa historia mstaafu. Ameshinda nami sokoni siku zote hizi akinishikia kalkuleta na kukumbusha bei nilizokwisha kuzisahau, wala hajalalamika. Alichoomba ni kimoja tu: kuona mji wa kale wenye mifereji. Mfereji Mkuu wa China aliufundisha darasani miaka nenda rudi na hajawahi kuuona.

Wakala mmoja amenitumia kipeperushi cha safari ya siku moja, "Suzhou na mji wa maji". Treni ya mwendokasi, muongozaji anayeongea Kiingereza, chakula cha mchana humo humo, yuan 780 kwa kichwa. Wawili ni 1,560, na hapo bado kuna ushuru wa mzigo unanisubiri bandarini.

Je, hiyo bei ni halali au napigwa? Treni mtu asiyejua Kichina anaiweza mwenyewe? Dada ana goti bovu, ngazi nyingi hawezi. Halafu sisi ni Waislamu, hicho chakula cha mchana sina imani nacho.

Nawasilisha.

Kijana_wa_Nanjing

Kaka, shikamoo, na dada nipelekee yake. Nasoma Nanjing, mji uko kwenye reli hiyo hiyo, na Suzhou huwa napita mara kwa mara.

Treni isikutishe kabisa. Shanghai hadi Suzhou haifiki kilomita 100. Treni za herufi G zinatumia kama nusu saa, na zinapishana siku nzima kama daladala za Mbagala. Daraja la pili nauli inacheza kwenye yuan 40 hivi kwenda tu. Tiketi unakata kwenye programu ya reli yenyewe, 12306, ina Kiingereza, ila lazima kwanza uisajilie pasipoti na usubiri wakuhakiki, kwa hiyo anza leo. Tiketi ya karatasi hakuna, pasipoti ndiyo tiketi. Mageti mengine hayasomi pasipoti za kigeni, nenda geti la pembeni lenye mhudumu, atakupitisha.

Kitu cha kuangalia kwa macho mawili ni jina la stesheni. Suzhou ina zaidi ya moja. Unayoitaka inaitwa Suzhou tu, iko mlangoni mwa mji wa kale, ukitoka upande wa kusini unakutana na mfereji unaouzunguka mji. Suzhou North iko mbali huko kaskazini, ukishukia pale utamalizia na metro. Shanghai nako ni vivyo hivyo: Hongqiao ni moja, Shanghai Station ni nyingine. Soma tiketi kabla hujamwambia dereva pa kwenda.

Fikeni saa nzima kabla. Kuna ukaguzi wa mizigo, na geti linafungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Hapo hata ulie, mlango haufunguki.

Mtemi_wa_Reli

Kama umeshapanda SGR ya Dar–Dodoma, hii ni hiyo hiyo, ila mwendo wake unafika kilomita 300 kwa saa na hakuna anayepiga picha dirishani. Yuan 1,560 kwa safari ya nauli ya 40? Mkuu, hapo unalipia kushikwa mkono. Nendeni wenyewe.

Bi_Nuru_Mombasa

Mtemi, pole pole ndugu yangu. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni, Mji wa Kale na Fort Jesus, miaka mingi sasa. Kila siku naona watu wanaingia ngomeni wenyewe, wanapiga picha mizinga, nusu saa washatoka, wanasema ni kuta tu. Na kweli, asiyeelezwa huona kuta. Huyu ni mwalimu wa historia na pengine hatarudi tena China. Mwenye kumueleza anastahili kulipwa.

Ila nakubali kipeperushi hicho kina walakini. Niliwahi kwenda na kundi la namna hiyo, jina la kampuni halina haja. Bustanini tulipewa muda mfupi kuliko tuliokaa kwenye "kiwanda cha hariri". Pale unaoneshwa viwavi na majani ya mforosadi kidogo, kisha mlango unaofuata ni duka, na hutoki upesi. Baada ya chakula, duka la lulu. Muongozaji hana kosa, naye ana cha juu chake pale, ndiyo biashara ilivyo kila mahali, hata kwetu. Lakini siku ni moja.

Kwa hiyo kaka, kabla hujalipa muulize wakala mambo matatu, akujibu kwa maandishi. Maduka tutapitia mangapi? Bustani gani, na kwa muda gani? Na huo "mji wa maji" ndio upi?

Mzigo_Kariakoo

Bi Nuru, ahsante sana. Nimemuuliza hapo hapo. Maduka anasema "ni sehemu ya utamaduni" 😂. Mji wa maji ni Zhouzhuang.

Kijana_wa_Nanjing

Basi hapo pana jambo. Zhouzhuang haina stesheni ya treni. Hizo safari zinawapeleka Suzhou kwa reli asubuhi, halafu zinawapakia kwenye basi dogo mpaka Zhouzhuang, na jioni basi tena. Picha zote za kipeperushi zitakuwa za huko, madaraja mawili yaliyoshikana na taa nyekundu. Ni pazuri, siwezi kukudanganya, lakini kiingilio kipo, watu ni wengi mno, na mawe ya chini si rafiki wa goti.

Suzhou yenyewe ndiyo mji wa mifereji, na kwa mtu wa historia ina uzito zaidi. Hesabu za Wachina wenyewe zinasema ulijengwa mwaka 514 K.K. uwe mji mkuu wa ufalme wa Wu, na mpaka leo mji wa kale haujahama mahali pake.

Mwalimu_Mbeya

Dada yako tungeelewana. Mwambie atafute ramani ya Pingjiang, ambalo ni jina la zamani la Suzhou. Ilichongwa kwenye jiwe mwaka 1229, jiwe refu kumzidi mtu, na bado lipo kwenye hekalu la Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, hapo Suzhou. Inaonesha mji mzima: barabara, mifereji, madaraja, mahekalu. Barabara na mfereji vinakwenda sambamba, nyumba inatazama barabara mbele na maji nyuma. Mzigo uliingilia nyuma kwa boti, mgeni akaingilia mbele kwa miguu. Ukitoka hapo ukaenda mtaa wa Pingjiang, mpangilio unaoukuta ni ule ule wa kwenye jiwe. Wakati jiwe linachongwa, Kilwa ilikuwa inakusanya ushuru wa dhahabu ya Sofala.

Sababu ya mifereji ni ardhi. Ni tambarare, chini, na imejaa maziwa. Kuchimba mfereji kulikuwa rahisi kuliko kujenga barabara isiyozama. Mwanzoni mwa karne ya 7 watawala wa ukoo wa Sui wakaunganisha mifereji mikubwa mpaka Hangzhou, na mchele wa kusini ukawa unapanda kaskazini kulisha jeshi na mji mkuu. Suzhou ilikaa katikati ya njia ya mchele na hariri, lazima itajirike. Mfereji Mkuu wote una urefu wa karibu kilomita 1,800, UNESCO wakauingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014. Na kwa huo upande wa Suzhou haujafa. Matishari ya mchanga na makaa yanapita mpaka leo.

Akitaka kuyaona, nje kidogo ya mji wa kale kuna daraja la Baodai, matao 53, la kwanza lilijengwa karne ya 9. Waliovuta boti kwa kamba walipita juu yake, na matao ya katikati yameinuliwa ili vyombo vipite chini. Inasimuliwa kuwa liwali aliyelijenga aliuza mkanda wake wa vito kuchangia gharama. Viongozi wetu sijui wangeuza nini.

Chapati_Mbili

Wangeuza daraja 😂😂

Bi_Nuru_Mombasa

😂 Tuache siasa. Mwalimu, hayo uliyoyaandika ndiyo ninayoyasema. Mtu akiyasikia amesimama pale pale, hayasahau.

Kijana_wa_Nanjing

Tuje kwenye goti. Bustani maarufu ni Zhuozheng, ya mwanzoni mwa karne ya 16, ilianzishwa na ofisa aliyechoka na serikali akarudi nyumbani kupanda miti. Ni kubwa, ina madaraja madogo lakini njia nyingi ni tambarare. Jirani yake ni Shizilin, msitu wa mawe yaliyotobokatoboka na vijia vya kupanda na kushuka. Hiyo msiiguse, labda goti lipone. Mkiona Zhuozheng imefurika, ipo Wangshi, ndogo, kama ekari moja na kitu, unakaa barazani unaiona karibu yote. Mimi ndiyo naipenda kuliko zote, ingawa wengi hawatakubaliana nami. Dada abebe pasipoti yake mkononi, sehemu nyingi wazee wana punguzo.

Jumba la makumbusho la Suzhou liko kando ya Zhuozheng, lilichorwa na msanifu majengo I. M. Pei, yule yule wa piramidi ya kioo ya makumbusho ya Louvre, Paris. Ukoo wake ni wa Suzhou na hata Shizilin iliwahi kuwa mali yao. Kuingia ni bure ila ni lazima ujiandikishe mapema kwa pasipoti. Jumatatu hufungwa, nyie mnakwenda Alhamisi, hamna shida.

Kutoka stesheni chukueni metro namba 4, kituo kimoja tu, Beisita, mnara mrefu utauona. Kutoka pale mpaka bustanini mnaweza kutembea, au kwa sababu ya goti chukua teksi kwa simu, ni pesa ndogo. Pingjiang ndipo pa boti. Ni boti za kasia, mama wa makamo anasukuma, na baadhi yao wanaimba. Ndiyo njia ya kuuona mji bila kutembea hatua. Mtaa huo huo kuna nyumba za chai zinazopiga pingtan, hadithi za kuimbwa kwa vinanda viwili. Hutaelewa neno hata moja na utakaa tu.

Chakula: tafuteni mgahawa wa tambi za Lanzhou. Upo karibu kila mtaa, ni wa Waislamu wa kaskazini-magharibi, na mlangoni wameandika 清真, yaani halali. Piga picha hayo maandishi uweke kwenye simu. Supu ya ng'ombe na tambi zilizovutwa mbele yako, mnashiba kwa hela ya soda ya uwanja wa ndege.

Mtemi_wa_Reli

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, waende wenyewe.

Bi_Nuru_Mombasa

Nusu. Treni waende wenyewe, hilo nimeshakubali, hakuna haja ya kulipa mtu akuoneshe kiti. Lakini wakifika, wachukue muongozaji wa hapo hapo Suzhou kwa saa mbili au tatu, mwenye kibali, wa bustanini na Pingjiang. Bei muelewane kabla, na umwambie mapema kabisa: duka hatuingii. Wengi hukubali ukiwa muwazi, na ukimuongeza kidogo atafurahi kuliko kamisheni. Hotelini Shanghai wanaweza kukusaidia kumpata kwa simu. Kwa hela ile ya kipeperushi mtabakiwa na nyingi tu.

Ila kama dada hali ya goti ni mbaya kweli, mimi ningelipia gari na muongozaji wa peke yenu na treni ningeiacha. Stesheni ya Hongqiao ni kubwa kama uwanja wa ndege, kutembea mle ndani pekee ni kazi.

Mzigo_Kariakoo

Nimemsomea dada uzi wote. Kasema goti ni lake na treni ataipanda, gari amepanda maisha yake yote. Zhouzhuang ameifuta. Jiwe la ramani amelipigia mstari, anasema bustani ikikosekana sawa, jiwe hapana. Muongozaji wa saa tatu amekubali, kwa sharti la kumuuliza maswali mpaka achoke. Namuonea huruma huyo mtu.

Mpango basi: treni ya asubuhi, hekalu la Confucius, tambi, Wangshi, boti Pingjiang, turudi jioni. Malipo je, taslimu inatosha? Na kadi yangu ya benki ya nyumbani?

Kijana_wa_Nanjing

Mpango mzuri, na hekalu na Wangshi vyote viko upande wa kusini wa mji wa kale, hamtazunguka sana. Taslimu wanapokea lakini chenji ni vita. Weka Alipay, programu ya malipo ya Wachina, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado Yiwu, ijaribu kwa kununua maji. Metro na teksi vyote utalipia humo. Ramani ya Google usiitegemee, weka Amap, ramani ya Wachina wenyewe.

Tiketi ya kurudi kata pamoja na ya kwenda, jioni treni hujaa. Chagua kiti A au F, ndivyo vya dirishani. Na jina la dada andika kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama Uhamiaji walimkosea.