Ufizi wa gego la mwisho umevimba, daktari ni Jumatatu

BintWete
Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kiume, miaka 21, gego la mwisho chini kulia limetoboa nusu tu. Nusu nyengine imefunikwa na kinyama, nacho kimevimba tangu juzi. Akiuma, jino la juu linapiga pale pale. Mdomo unanuka, na kinyama ukikigusa kinatoa maji machungu. Homa hana, anameza vizuri, mdomo unafunguka upana wa vidole viwili na nusu. Leo Ijumaa, daktari wa meno ni Jumatatu. Nyumbani tuna chumvi, panadoli na karafuu. Jirani katupa vidonge vya flajili (antibayotiki) alivyobakisha, sijampa bado. Tufanye nini siku hizi, na dalili gani ikitokea tusingoje Jumatatu?

Mnazi_Mrefu
Wa alaykum salaam dada. Hicho kinyama kimefanya mfuko juu ya jino. Chakula kinaingia, mswaki haufiki, vijidudu vinazaana humo kwa raha. Ufizi ukivimba unainuka, jino la juu linaukanyaga, nao unazidi kuvimba. Kwa hiyo kazi yenu hadi Jumatatu ni kuuosha huo mfuko. Vidonge ni vya kupunguza maumivu tu.

Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Glasi moja ya 250 ml, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga iyayuke yote. Achukue funda, alaze kichwa upande wa kulia maji yakae pale nusu dakika, asukutue, ateme. Amalize glasi nzima. Arudie kila baada ya kula na kabla ya kulala. Chumvi ikizidi inachoma kidonda, na maji ya moto ndiyo mabaya zaidi.

Lakini kusukutua hakufiki chini ya kinyama. Nunua duka la dawa bomba la sindano la 10 ml, sindano yenyewe tupa, ubaki na bomba tupu. Livute hayo hayo maji ya chumvi. Akae kwenye mwanga, ncha ya bomba iguse ukingo pale kinyama kinapokutana na jino, isichomekwe ndani, kisha sukuma polepole. Maji ya mwanzo yatatoka na ukungu na chembe za chakula. Endelea hadi yatoke meupe, hata kama ni mabomba manne au matano. Damu kidogo isiwatishe, ufizi uliovimba huvuja. Fanyeni mara mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana na cha usiku.

Na mswaki asiuache kwa sababu panauma, hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Atumie wa mtoto, laini, wenye kichwa kidogo. Asipanue mdomo sana: ukiufunga nusu, shavu linalegea na mswaki unapita hadi nyuma.

DukaLaDawa_Chake
Kuhusu dawa. Kama hana vidonda vya tumbo, hana maradhi ya figo, wala pumu inayoamshwa na aspirini, ibuprofeni inafaa zaidi kwa sababu inapunguza na uvimbe: 400 mg kila baada ya saa 8, ameshakula, isizidi 1200 mg kwa siku. Asipoweza kuitumia, panadoli za 500 mg, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Anaweza pia kuzitumia zote mbili pamoja. Angalieni tu asimeze na dawa ya mafua, nyingi zina panadoli ndani yake.

Flajili za jirani mrudishie, dada. Vijidudu vimo mfukoni pamoja na uchafu, na uchafu ukibaki, uvimbe utarudi vidonge vikiisha. Na hivyo vilivyobaki havitoshi dozi. Dawa za aina hiyo zinahitajika maradhi yakishaanza kusambaa, yaani homa, taya kukaza au tezi za shingo kuvimba, na mwenye kuziandika ni daktari.

Shamba_la_Konde
Karafuu inatuliza, ila itumieni kwa kipimo. Mafuta yake matupu yanaunguza ufizi, panakuwa peupe na panauma kuliko mwanzo. Tia tone 1 ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, gusa juu ya kinyama, basi. Karafuu nzima asiing'ate pale: kile kichwa chake kinavunjika na vipande vinaingia mfukoni. Aspirini nayo msiisage mkaipaka, inababua nyama.

BintWete
Ahsanteni sana. Tumeosha, zimetoka chembe za ufuta na ngozi ya tungule. Shavu limejaa kidogo kwa nje. Nimkande kwa maji ya moto?

Mnazi_Mrefu
Hapana, joto litazidisha uvimbe. Funga barafu kwenye kitambaa, iweke shavuni dakika 10 hadi 15, ipumzishe, kisha rudia. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji, boko boko, ndizi za kupondwa. Mkate wa ufuta na urojo wenye bajia na pilipili avisubirishe.

Mpimeni mdomo kila asubuhi kwa vidole vyake mwenyewe. Ukishuka chini ya viwili, au akipata homa ya nyuzi 38, au shavu likaendelea kuvimba, aonwe siku hiyo hiyo. Akishindwa kumeza hata mate, sauti ikabadilika, uvimbe ukashuka chini ya taya na shingoni, ulimi ukainuka au pumzi ikawa nzito, msikae hata saa moja. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, kwa sababu uvimbe wa hapo unaweza kuziba njia ya hewa.

Hata akipata nafuu, Jumatatu aende. Daktari atauosha mfuko vizuri na kuangalia kwa eksirei kama gego lina nafasi ya kutoka. Likiwa limelala na kuegemea jirani yake, kwa kawaida hung'olewa uvimbe ukishatulia. Kukata kinyama peke yake kunawezekana, ila mara nyingi huota tena. Na mwambieni daktari kuhusu lile jino la juu linalogonga, maana pengine hilo ndilo la kuanza kung'oa au kusawazisha.