Naomba ushauri: niiongeze lugha ya Nim kwenye tovuti ya mifano ya programu?
Ndugu wataalamu, ninasimamia tovuti ya mifano ya programu kwa wanaoanza kujifunza, ambayo hadi sasa ina Python, Java na C, nami natamani kuiongezea Nim, lugha iliyobuniwa na Andreas Rumpf na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2019. Aliyezoea Python haimsumbui, kwani mstari mmoja tu, echo "Habari", ni programu kamili. Tena programu ya Nim kwa kawaida hugeuzwa kwanza kuwa C, kisha kuwa lugha ya mashine, ndiyo maana huenda kwa kasi. Kinachonitia wasiwasi ni matunzo, maana kila toleo jipya hudai mifano yote ijaribiwe upya. Je, niiweke sasa, au nisubiri nimpate mwenzangu wa kuihakiki? Naombeni mawazo yenu, hasa mliowahi kuitumia kazini.