Tupeane uzoefu: wenye sainasi zinazosumbua, mlitibiwaje?

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, Chumbageni. Kila kusi ikianza kuvuma watu wa huku tunaanza kulalamika: pua imeziba, paji la uso zito, ukiinama kufunga kamba za viatu mashavu yanapwita. Dukani unaambiwa "hiyo sainasi", unapewa kapsuli za amoksilini, unarudi nyumbani. Mwezi ujao uko dirishani tena. Naomba kila mwenye uzoefu aseme alichopitia yeye au mtu wa nyumbani kwake, daktari alisema nini, na kipi kilimsaidia. Matangazo ya dawa zinazotibu kila kitu tusiyaweke humu tafadhali, watu wanaumwa kweli.

Naanza mimi. Nilipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo, kabla hajagusa pua alinikalisha akanieleza. Kila upande wa uso kuna vijichumba vya hewa vya aina nne, ndivyo hizo sainasi: kimoja shavuni, kimoja juu ya nyusi, vingine vidogo vidogo katikati ya jicho na pua, na kimoja nyuma kabisa. Vyote vinamwaga ute wake puani kupitia vitundu vyembamba. Kitundu kikivimba kikaziba, ute unalala ndani, uso unauma, na bakteria wanapata pa kuzaliana. Mafua ya kawaida yanaweza kuleta hali hiyo, lakini mafua ni virusi, antibiotiki haiwagusi, na mengi yanapoa ndani ya siku 7 hadi 10. Akasema yeye anaanza kufikiria bakteria kwa mambo matatu: siku 10 zimepita bila nafuu yoyote, au ulipata nafuu kisha hali ikageuka ikawa mbaya zaidi, au tangu mwanzo una homa ya 39 na kamasi la usaha siku 3 au 4 mfululizo. Rangi ya kijani peke yake haisemi kitu, hata virusi huleta kamasi la kijani.

Mimi sikuwa na bakteria hata kidogo. Ni mzio wa vumbi, unavimbisha pua mwaka mzima. Nikapewa dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kupunguza uvimbe. Hiyo haifanyi kazi siku moja. Unapuliza kila siku, wiki zinapita ndipo unaanza kuhema vizuri. Na kuna namna ya kupuliza: mkono wa kulia tundu la kushoto, mkono wa kushoto tundu la kulia, ncha ielekee upande wa sikio, isipige ule ukuta wa katikati. Ukiupiga ukuta kila siku, pua itatoka damu.

Mama wa Makorora:
Asante kwa uzi, mwanangu. Kwangu kilichonisaidia ni kuosha pua kwa maji ya chumvi. Nachemsha maji, yakitokota nayaacha dakika moja zaidi, nafunika sufuria mpaka yawe vuguvugu. Glasi moja ya mililita 240 natia chumvi nusu kijiko cha chai kisichojaa. Nainama kwenye karo, kichwa nakilaza upande, nahemea mdomoni, nayamimina taratibu tundu la juu kwa chupa laini mpaka yatokee tundu la pili. Mara ya kwanza utakohoa, usiogope. Ila msitumie maji ya bomba au ya kisima kama yalivyo. Kuna kijidudu kinaitwa Naegleria fowleri, kikipanda kwa njia ya pua kinakwenda kwenye ubongo. Ni nadra sana kumpata mtu, lakini kinaua. Kuni za dakika chache hazishindi uhai.

Binti Raskazone:
Shikamoo mama. Wavuvi wa hapa wanasema ukizamia baharini pua inajisafisha yenyewe. Ni kweli?

Mama wa Makorora:
Marahaba. Hapana binti yangu. Chumvi ya bahari ni kama mara nne ya inayotakiwa, itakuchoma tu, na maji ya ufukweni unajua mwenyewe yanabeba nini. Chemsha ya kwako.

Dereva wa Horohoro:
Yangu ilikuwa upande mmoja tu, kulia. Shavu linauma, pua inatoa harufu mbaya ambayo hata mimi mwenyewe naisikia, na usaha unashuka kooni nikilala. Nilimeza antibiotiki za aina tofauti tofauti. Zinapunguza, zikiisha tatizo linarudi. Mpaka daktari mmoja akaniambia nifungue kinywa, akagonga meno ya juu moja moja kwa kijichuma. Gego la pili nikaruka kwenye kiti. Mizizi ya magego ya juu inafika kwenye sakafu ya kile kijichumba cha shavuni, kwa hiyo jino likioza, usaha unapanda juu. Jino likang'olewa, nikapewa dozi moja ya dawa, harufu ikakata. Mwenye tatizo la upande mmoja na linanuka, aanze kwa daktari wa meno.

Mzee wa Mkonge:
Nimefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge miaka mingi, nyingi nikiwa kwenye brashi, ile mashine ya kusugua nyuzi zilizokauka. Wanaojua brashi wanajua lile vumbi. Siwezi kusema kwa uhakika ndilo lililonianzishia, lakini lilikuwa linanizidishia. Ilifika mahali sisikii harufu kabisa. Samaki anaungua jikoni nami nimekaa mlangoni. Matatizo yakipita wiki 12 madaktari wanayahesabu kuwa sugu, na hapo kumeza kapsuli kila mara hakusaidii, lazima itafutwe sababu. Kwangu zilikuwa nyama za puani, zimeota pande zote mbili. Waliniuliza kama nina pumu na kama asprini inanidhuru, kwa sababu hayo matatu huwa yanakwenda pamoja kwa baadhi ya watu. Nilipewa rufaa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, nikapigwa CT-scan, nikafanyiwa upasuaji kwa kamera inayoingia tundu la pua, usoni hakuna kovu. Ila daktari aliniambia wazi: upasuaji unafungua njia, hauzuii nyama kuota tena. Napuliza steroidi hadi leo. Harufu imerudi, namshukuru Mungu, ingawa si kama zamani.

Mke wa Fundi:
Mume wangu alikuwa na vile vichupa vya matone ya kuzibua pua, kila mfuko wa suruali una chake. Yanazibua ndani ya dakika chache tu, lakini ukizidisha siku 3 hadi 5 pua inavimba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, basi unatia tena na tena. Aliachishwa, akapewa steroidi ya kupuliza, usiku wa kwanza kwanza alilala ameketi. Sasa yuko huru. Na wenye presha waulize kwanza kabla ya kumeza vidonge vya mafua vya kuzibua pua, vingine vinapandisha presha.

Mwanachuo:
Mimi nilikuwa yule wa "nilipona halafu nikaugua tena", homa juu, jicho siwezi kufumbua vizuri kwenye mwanga. Amoksilini yenye klavulaneti, dozi nikaimaliza yote, nikapona. Kwa hiyo antibiotiki ina kazi yake pale inapohitajika.

Binti Raskazone:
Dada yangu miaka yote anaambiwa sainasi, kumbe kipandauso. Kichwa kinamuuma upande mmoja, kichefuchefu, mwanga hautaki, na pua haina usaha wowote. Tiba yake ni tofauti kabisa.

Mama Wawili:
Jamani, mwanangu wa miaka mitatu anatoka kamasi linalonuka, tundu la kushoto tu. Bibi yake anataka tumfukize majani ya mkaratusi. Nimfukize?

Nesi wa Pongwe:
Usimfukize, dada. Watoto wanaunguzwa sana na maji ya moto ya kujifukiza. Kwa umri huo, tundu moja, harufu mbaya: huenda kuna kitu ndani. Harage, shanga, kipande cha sponji ya godoro, tunavitoa kila mara. Usijaribu kukichokoa mwenyewe, utakisukuma ndani. Mpeleke leo kituo cha afya. Ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya kichezeo usingoje hata saa moja, inaunguza nyama ya ndani. Na kwa mtoto au mtu mzima, mkiona jicho limevimba au anaona vitu viwiliviwili, kichwa kinauma kupita kiasi, shingo imekakamaa au anachanganyikiwa, nendeni hospitali ya Bombo moja kwa moja, usiku au mchana.

Mama Wawili:
Asante dada. Nimeshamvalisha, bodaboda iko nje. Nitarudi kuwaambia.