Naomba ushauri: mwamini mpya achangie sherehe ya mtakatifu?

Shalom wapendwa. Nipo na timu ya kanisa kati ya Watzotzil, Wamaya wa milima ya Chiapas, Meksiko. Familia moja imeokoka, na wazee wa kijiji wanaidai mchango wa sherehe ya mtakatifu: mishumaa, fataki na pombe. Kukataa si jambo dogo huku. Tangu miaka ya 1970 maelfu ya Waprotestanti walifukuzwa kutoka San Juan Chamula, mji wa Watzotzil, wengi wakahamia mji jirani wa San Cristóbal de las Casas. Tumewaomba wazee wapokee mchango wa barabara badala yake, wamekataa. Nachelea sana tusije tukaiponza familia hii.

Nyie mliowalea waumini wapya wanaodaiwa michango ya matambiko, mliwashauri nini? Na azungumze nani na wazee: sisi wageni au familia yenyewe?